Eugène Houdry

Eugène Jules Houdry (Domont, Ufaransa, 18 Aprili 1892 – Upper Darby, Pennsylvania, Marekani, 18 Julai 1962) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka Ufaransa aliyepata uraia wa Marekani mwaka 1942. Anajulikana kwa kazi mbili zinazohusiana na vichocheo. Ya kwanza ni njia ya kuvunja mafuta mazito kwa kutumia kichocheo ili kupata petroli bora. Njia hiyo ilibadilisha viwanda vya kusafisha mafuta duniani kuanzia miaka ya 1930. Ya pili ni kifaa cha kuchoma mivuke ya sumu inayotoka kwenye bomba la moshi la gari. Kifaa hicho ni babu wa kile ambacho mafundi wa Tanzania leo hukiita "masega".

Houdry alifariki kabla kifaa chake cha pili hakijaingia kwenye magari ya kawaida. Kilichokizuia ni risasi iliyokuwa ikichanganywa katika petroli. Ilichukua zaidi ya miaka kumi baada ya kifo chake kabla magari mapya ya Marekani hayajafungwa vifaa vya aina hiyo, na zaidi ya miaka arobaini kabla petroli isiyo na risasi haijaenea Afrika Mashariki.

Maisha ya awali na elimu

Houdry alizaliwa Domont, mji mdogo ulio kaskazini mwa Paris. Baba yake alikuwa na kampuni ya kazi za chuma iliyokuwa ikifanya vizuri, hivyo kijana alikulia karibu na mashine. Alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha Arts et Métiers mjini Paris, akahitimu mwaka 1911 akiwa wa kwanza darasani na kutunukiwa medali ya dhahabu. Alikuwa pia nahodha wa timu ya kandanda ya chuo, iliyotwaa ubingwa wa taifa.

Baada ya masomo aliingia katika kampuni ya baba yake. Kwa elimu yake alikuwa mtu wa mitambo, si mkemia. Jambo hilo ni muhimu kwa kuelewa kazi zake za baadaye. Mara nyingi aliona tatizo la kemia kama tatizo la mashine: kitu gani kinaziba, kitu gani kinachakaa, na namna gani kinaweza kusafishwa ili kazi iendelee.

Vita Kuu ya Kwanza

Vita vilipoanza mwaka 1914 Houdry alijiunga na jeshi la Ufaransa. Baadaye alihamia kikosi cha vifaru, silaha iliyokuwa mpya kabisa wakati huo. Mwezi Aprili 1917 alishiriki katika mapigano ya Juvincourt, ambapo vifaru vya Ufaransa vilitumika vitani kwa mara ya kwanza. Alijeruhiwa vibaya. Alitunukiwa nishani ya Croix de Guerre na kuingizwa katika Jeshi la Heshima la Ufaransa kwa ushujaa wake, hasa kwa kusimamia matengenezo ya vifaru vilivyoharibika huku mapigano yakiendelea.

Baada ya vita alirudi kwenye kampuni ya familia, lakini moyo wake ulikuwa kwenye magari ya mashindano. Mwaka 1922 alisafiri kwenda Marekani, akatazama mashindano ya Indianapolis na kutembelea kiwanda cha magari cha Ford mjini Detroit. Alirudi na wazo moja: injini zilikuwa zikiboreshwa upesi, lakini mafuta yaliyozilisha hayakuwa yakiboreshwa kwa kasi ileile.

Mwaka huohuo alimwoa Geneviève Quilleret. Walijaliwa watoto wawili wa kiume.

Kutafuta petroli katika makaa ya mawe

Ufaransa haikuwa na visima vikubwa vya mafuta, na vita vilikuwa vimewafundisha viongozi wake hatari ya kutegemea mafuta ya nje. Ilikuwa na linyiti, yaani makaa ya mawe ya kahawia yenye nishati ndogo. Mkemia Mfaransa E. A. Prudhomme alikuwa amebuni njia ya kugeuza linyiti kuwa petroli kwa msaada wa vichocheo. Houdry alimwalika waendeleze kazi hiyo katika maabara iliyofunguliwa Beauchamp, karibu na Paris.

Kazi hiyo ilimgharimu Houdry miaka mingi na sehemu kubwa ya mali yake. Mwaka 1929 kiwanda cha majaribio kilifunguliwa Saint-Julien-de-Peyrolas, kusini mwa Ufaransa. Kiliweza kupokea tani 60 za linyiti kwa siku. Kitaalamu kiwanda kilifanya kazi, lakini petroli yake ilikuwa ghali kuliko ile iliyoagizwa kutoka nje. Serikali haikutoa ruzuku iliyotarajiwa, na kiwanda kikafungwa.

Kichocheo ni nini?

Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kumalizika katika mmenyuko huo. Kinafanana na mshenga: huwakutanisha wachumba, ndoa ikafungwa, naye akabaki mshenga, tayari kwa posa nyingine. Kwa hiyo kiasi kidogo cha kichocheo kinaweza kuhudumia kiasi kikubwa sana cha malighafi.

Vichocheo vingi vya viwandani ni vitu vigumu, na kazi yote hufanyika kwenye uso wake. Molekuli za gesi hujishika kwenye uso huo, hubadilika, kisha huondoka. Ndiyo maana kichocheo kizuri huwa na matundu mengi madogo yasiyoonekana kwa macho: yanaongeza eneo la uso ndani ya nafasi ndogo. Oksidi za metali, yaani metali iliyoungana na oksijeni, zinafaa sana kwa kazi hii. Alumina, ambayo ni oksidi ya alumini, ndiyo mojawapo inayotumiwa zaidi.

Udhaifu wa kichocheo nao uko kwenye uso. Kikifunikwa na masizi au na metali nyingine, molekuli hazipati mahali pa kujishika, na kichocheo huwa kama kimekufa ingawa hakijapungua uzito.

Kuvunja mafuta mazito

Houdry alihamisha juhudi zake kwenye mafuta mazito yanayobaki baada ya petroli na mafuta ya taa kutolewa katika mafuta ghafi. Mabaki hayo yana molekuli ndefu za hidrokaboni. Zikivunjwa, hupatikana molekuli fupi zinazofaa kwa petroli. Viwanda vya wakati huo vilizivunja kwa joto kali na shinikizo kubwa tu, na petroli iliyopatikana haikuwa bora. Ilisababisha injini kugonga, hasa injini zenye mgandamizo mkubwa.

Baada ya kujaribu mamia ya vitu, Houdry na wenzake waligundua kuwa udongo wa aina fulani uliotibiwa kwa asidi, wenye oksidi za silikoni na alumini, ulivunja molekuli hizo vizuri sana. Petroli iliyopatikana ilikuwa na oktani kubwa, maana yake haikugongesha injini.

Kulikuwa na shida moja. Baada ya dakika chache tu za kazi, uso wa kichocheo ulifunikwa na kaboni na kazi ikasimama. Watu wengi waliojaribu vichocheo kabla yake waliishia hapo. Houdry alilitazama tatizo hilo kama fundi: kilichoziba ni kaboni, na kaboni huungua. Alipitisha hewa juu ya kichocheo kikiwa bado na moto, kaboni ikaungua na kuondoka, na kichocheo kikarudi kazini kama kipya. Mtambo wake ulikuwa na matangi kadhaa yaliyopokezana. Tangi moja lilipokuwa likivunja mafuta, jingine lilikuwa likichomwa masizi. Joto la kuungua kwa kaboni halikupotea bure, kwani lilitumika kuendesha sehemu nyingine za mtambo. Katika mitambo mikubwa iliyofuata, gesi za moto zilizotokana na uchomaji huo ziliendesha turbini iliyosukuma hewa ya kuchomea.

Kuhamia Marekani

Mwaka 1930 kampuni ya Vacuum Oil ilimwalika Houdry kufanya majaribio katika kiwanda chake cha Paulsboro, New Jersey. Mwaka uliofuata iliundwa kampuni ya Houdry Process Corporation. Vacuum Oil iliungana na kampuni nyingine na kuwa Socony-Vacuum, na mwaka 1933 kampuni ya Sun Oil ya Pennsylvania iliingia pia katika mradi huo. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na fedha za utafiti zilikuwa haba.

Mtambo wa kwanza wa kibiashara ulianza kazi Paulsboro mwaka 1936, ukiwa na uwezo wa kupokea mapipa 2,000 ya mafuta kwa siku. Pipa moja la mafuta ni karibu lita 159. Mwaka 1937 Sun Oil iliwasha mtambo mkubwa zaidi Marcus Hook, Pennsylvania. Karibu nusu ya mafuta yaliyoingia humo yalitoka yakiwa petroli yenye oktani kubwa, wakati njia ya zamani ya joto tupu ilitoa takriban robo. Kufikia mwaka 1940 mitambo 14 ya aina hiyo ilikuwa ikifanya kazi.

Baadaye makampuni mengine yalibuni njia ambayo kichocheo chenyewe, kikiwa unga laini, huzunguka kati ya chumba cha kuvunjia na chumba cha kuchomea masizi. Mtambo wa kwanza wa namna hiyo ulianza kazi Baton Rouge, Louisiana, mwaka 1942. Njia hiyo ndiyo iliyoenea zaidi hadi leo, lakini msingi wake ni ule wa Houdry: vunja, choma masizi, rudia.

Vita Kuu ya Pili

Petroli ya Houdry ilikuja wakati ndege za kivita zilihitaji mafuta yenye oktani kubwa kuliko hapo awali. Katika miaka ya mwanzo ya vita, sehemu kubwa ya petroli ya ndege iliyopatikana kwa kichocheo katika nchi za washirika ilitoka katika mitambo yake.

Ufaransa iliposhindwa na Ujerumani mwaka 1940, Houdry alikuwa Marekani. Alikataa kuitambua serikali ya Vichy iliyoshirikiana na Wajerumani. Akawa rais wa France Forever, chama kilichokusanya msaada nchini Marekani kwa ajili ya Jenerali Charles de Gaulle na Wafaransa Huru. Mwaka 1941 serikali ya Vichy ilimvua uraia wa Ufaransa. Mtu aliyejeruhiwa akiitetea nchi yake mwaka 1917 akawa hana uraia wake tena. Januari 1942 alipokea uraia wa Marekani.

Wakati huohuo Japani ilikuwa imeteka maeneo ya Asia yaliyotoa sehemu kubwa ya mpira wa asili wa dunia. Houdry alibuni njia ya kupata butadieni, malighafi ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, kutokana na gesi ya butani kwa hatua moja. Kichocheo chake hapa kilikuwa oksidi ya kromi iliyowekwa juu ya alumina.

Moshi wa miji na kampuni ya Oxy-Catalyst

Baada ya vita, mji wa Los Angeles ulikuwa ukifunikwa mara kwa mara na ukungu wa hudhurungi uliowasha macho na koo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha chanzo chake. Mivuke ya petroli isiyoungua vizuri, pamoja na oksidi za nitrojeni, hubadilika chini ya mwanga wa jua na kuwa ozoni na vitu vingine vyenye madhara. Mivuke hiyo ni sehemu ya kundi kubwa la kampaundi za kikaboni zinazogeuka mvuke kwa urahisi. Benzini, tolueni na formaldehidi zimo katika kundi hilo. Hutoka si kwenye magari tu, bali pia kwenye rangi, gundi, vituo vya mafuta na viwanda. Baadhi yake, kama benzini, husababisha saratani.

Houdry aliguswa sana na matokeo hayo, na alihofia hasa uhusiano wa moshi wa magari na saratani ya mapafu. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa yamesaidia kuongeza petroli na magari barabarani. Takriban mwaka 1950, akikaribia umri wa miaka 60, alianzisha kampuni mpya kwa jina la Oxy-Catalyst huko Pennsylvania. Lengo lake lilikuwa kuondoa kaboni monoksidi na mivuke ya hidrokaboni katika moshi kabla haijaingia hewani.

Msingi wake ulikuwa uleule uliosafisha kichocheo katika mitambo ya mafuta, yaani kuchoma kwa oksijeni juu ya uso unaofaa. Tofauti ni lengo. Mtambo wa kusafisha mafuta ulichoma kaboni ili kukiokoa kichocheo. Kifaa kipya kilikitumia kichocheo kuchoma uchafu ili kuiokoa hewa. Bila kichocheo, mivuke hiyo huhitaji joto la nyuzi 700 au zaidi ili iungue kabisa. Juu ya kichocheo, mingi huungua kati ya nyuzi 250 na 500, joto ambalo moshi wa injini unaweza kulifikia wenyewe. Kinachobaki ni kaboni dioksidi na maji.

Houdry alipanga vijiti vya kauri ndani ya chombo kilichofungwa kwenye njia ya moshi. Kila kijiti alikipaka tabaka jembamba la alumina lenye matundu mengi, na juu yake chembe kidogo za platini. Alipewa hataza ya Marekani kwa muundo huo mwaka 1956. Vifaa vya Oxy-Catalyst vilitumika katika viwanda vilivyotoa mivuke ya sumu, na pia kwenye magari ya kunyanyulia mizigo yanayofanya kazi ndani ya maghala, ambako moshi huwadhuru wafanyakazi kwa kuwa hakuna pa kutokea. Magari hayo yaliweza kuendeshwa kwa petroli isiyo na risasi.

Kizuizi cha risasi

Magari ya barabarani yalikuwa na habari tofauti. Tangu mwaka 1923 kampaundi ya risasi iitwayo tetraethili ilikuwa ikiuzwa ndani ya petroli nchini Marekani ili kuzuia injini kugonga, na matumizi hayo yakaenea duniani. Risasi hiyo ilipotoka na moshi ilijibandika juu ya kichocheo na kukifunika. Kaboni Houdry aliweza kuichoma. Risasi haichomeki ikaondoka. Kifaa kilichofanya kazi vizuri ghalani kilikufa upesi kwenye gari la kawaida.

Tatizo hilo halikuwa na jibu ndani ya maabara yake. Lilihitaji sheria ya kubadilisha mafuta ya nchi nzima, na katika miaka ya 1950 sheria hiyo haikuwapo.

Miaka ya mwisho

Katika miaka yake ya mwisho Houdry alivutiwa na vimeng'enya, yaani vichocheo vya asili vinavyofanya kazi ndani ya miili ya viumbe hai, na nafasi yake katika afya na magonjwa. Alikuwa na hataza takriban mia moja. Alifariki tarehe 18 Julai 1962 akiwa na umri wa miaka 70.

Baada ya kifo chake

Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi iliyotaka uchafu wa moshi wa magari mapya upunguzwe kwa asilimia 90. Ili kuitimiza, petroli isiyo na risasi ililazimika kupatikana katika vituo vya mafuta kuanzia mwaka 1974, na magari mengi ya mwaka 1975 yakatoka kiwandani yakiwa na kifaa cha kusafisha moshi. Badala ya vijiti, wahandisi walitumia kauri yenye vitundu vingi vilivyopangwa kama sega la nyuki, iliyopakwa alumina na metali za platini na paladi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vilitokea vifaa vinavyoweza pia kupunguza oksidi za nitrojeni. Ndani yake huongezwa oksidi ya seriamu, ambayo huhifadhi oksijeni pale ilipo nyingi na kuitoa pale inapopungua.

Kwa upande wa viwanda, utafiti umeelekea zaidi kwenye oksidi za metali zisizo ghali kama platini: za mangani, shaba, kobalti, chuma na seriamu. Si wazo jipya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wanasayansi wa Marekani walitengeneza hopkaliti, mchanganyiko wa oksidi za mangani na shaba unaobadilisha kaboni monoksidi ndani ya vinyago vya kujikinga na gesi. Mwaka 1954 Waholanzi Mars na van Krevelen walieleza namna oksidi za aina hii zinavyofanya kazi. Oksidi huitoa oksijeni yake yenyewe kwa molekuli chafu, kisha hujaza pengo hilo kwa kuchukua oksijeni nyingine kutoka hewani. Inakopesha na kulipwa, bila kumalizika.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Kwa miongo mingi petroli iliyouzwa Tanzania, Kenya na Uganda ilikuwa na risasi. Gari lililoagizwa likiwa na kifaa cha kusafisha moshi liliharibikiwa kifaa hicho baada ya muda mfupi. Juni 2001 wawakilishi wa nchi za Afrika Kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuondoa risasi katika petroli. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu Nairobi, liliratibu kazi hiyo, na kufikia Januari 2006 nchi za ukanda huo zilikuwa zimeacha kuuza petroli ya risasi. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuiacha kwa magari, mwaka 2021. Faida kubwa ya hatua hiyo ni afya ya watoto, kwa sababu risasi hudhuru ubongo unaokua. Faida ya pili ni kwamba vichocheo viliweza kufanya kazi.

Kibiriti nacho hupunguza nguvu ya vichocheo. Kuanzia Januari 2015 nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki za wakati huo zilianza kutumia kiwango cha kibiriti kisichozidi sehemu 50 kwa milioni katika dizeli.

Hata hivyo masega ya magari mengi hayapo tena. Metali za ndani yake zina bei kubwa, hivyo huibwa au huuzwa. Wakati mwingine mwenye gari hushauriwa ayatoe yanapoziba, badala ya kuweka mengine. Gari huendelea kutembea bila shida inayoonekana, na mivuke ambayo ingechomwa hutoka moja kwa moja. Iwe ni kwenye foleni ya Dar es Salaam au kwenye stendi ya Ifakara, wanaoivuta kwanza ni wanaokaa barabarani siku nzima: wachuuzi, waendesha bodaboda na abiria wanaosubiri.

Kifaa cha aina ya Houdry hakisaidii moshi wote. Kinahitaji mkondo wa moshi wenye joto la kutosha ndani ya bomba. Katika vijiji vya bonde la Kilombero kama Idete, ambako kuni na mkaa ndiyo nishati ya jikoni kwa familia nyingi, mivuke ya kikaboni hutoka zaidi kwenye mafiga kuliko kwenye magari, na hutawanyika kabla ya kupita popote. Katika nchi za baridi baadhi ya majiko ya kuni yaliyofungwa yamewekewa masega ya kichocheo kwenye njia ya moshi tangu miaka ya 1980. Kwa jiko la wazi, jibu ni jiko bora lenye bomba la moshi, au kubadilisha nishati.

Heshima

Houdry alitunukiwa Medali ya Potts ya Taasisi ya Franklin mwaka 1948 na Medali ya Perkin mwaka 1959. Mwaka 1990 jina lake liliingizwa katika Ukumbi wa Taifa wa Wavumbuzi wa Marekani. Mwaka 1996 Chama cha Kemia cha Marekani kiliutambua mtambo wa Marcus Hook kama kumbukumbu ya kihistoria ya kemia. Chama cha vichocheo cha Amerika Kaskazini hutoa kila baada ya miaka miwili tuzo yenye jina lake kwa kazi bora ya vichocheo viwandani.